Uzi wa Mzee Odera na Lenzi Iliyokuwa Njiani

Vijana wangu, kila nikikaa kwa kinyozi pale Olympic, Kibera, mnanijia na swali lilelile. "Mzee Musyoka, kwa picha ya uso, lenzi gani ndiyo noma?" Zamani ningejibu kwa saa tatu na mifano juu. Siku hizi naagiza chai kwanza, maana jibu langu ni refu na halifurahishi.

Nimepiga nyuso miaka thelathini na tisa, Kawangware na Kibera. Nikizipanga zote kwa foleni, zitatoka Kambi Muru zifike Kitui, zizunguke, zirudi kuchukua waliochelewa. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi nasema magoti. Magoti yangu ni mazima. Niliacha kwa ajili ya uso mmoja tu ambao sikuupata, na leo nitawaambia, kwa sababu nyinyi pia mnangoja vitu vya madukani kama tulivyongoja sisi.

Tuanze na lenzi, ndiyo mnayoiuliza. Lenzi ya uso ni ile ya milimita themanini na tano. Ukipiga uso kwa lenzi fupi, pua inaingia studio kabla ya mwenyewe. Ukipiga kwa ndefu mno, unamwelekeza mteja kwa kelele ukiwa ng'ambo ya barabara. Themanini na tano inasimama pale anaposimama mtu anayekupenda: hakugusi, lakini anakuona vizuri. Haya nilijifunza kwanza kwa mikono, halafu nikayasomea ngumbaru, kwenye madarasa ya jioni. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu na watoto wawili. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba ukiwa na lenzi na jua unaweza kuchoma karatasi. Jioni hakuna jua, kwa hiyo somo zima la lenzi tulilisoma kwa imani. Hata hivyo nilipita. Nadhani nilipita kuliko mtu yeyote katika historia ya fizikia, ingawa karatasi ya matokeo inasema C.

Aliyenifundisha kwa mikono ni Mzee Odera, mtu wa ziwani, aliyekuwa na studio Kawangware nyuma ya kinu cha posho. Kinu kikisaga, sakafu inatetemeka, kamera inatetemeka, hata mteja meno yanagongana. Kwa hiyo tulipiga picha kati ya debe na debe. Mwenye kinu akizima ili amwage unga, Mzee Odera anapaza sauti, "Sasa!" na wewe una muda wa kuvuta pumzi mbili. Nasikia siku hizi kamera zina dawa ya kutetemeka ndani yake. Dawa yetu ilikuwa kumjua mwenye kinu kwa jina.

Kamera yake haikujua kulenga yenyewe, na macho yake yalikuwa yamezeeka. Alichokuwa nacho ni uzi. Uzi mnene wa kushonea magunia, umefungwa kwenye msumari chini ya kamera, una mafundo mawili: fundo la kitambaa cheusi kwa picha ya uso, fundo la chekundu kwa picha ya nusu mwili. Mteja anashika fundo, analiweka shavuni, chini kidogo ya jicho. Uzi ukinyooka, umbali ni sawasawa na ule uliowekwa kwenye lenzi. Mzee Odera anauvuta polepole na kusema, "Usipumue mpaka uzi urudi nyumbani." Uzi ukirudi, anabonyeza. Hakuna jicho lililowahi kumponyoka.

Mimi liliniponyoka. Wiki yangu ya kwanza kuachiwa studio alikuja mhubiri mmoja, mrefu kama mlingoti, nikamwekea fundo puani kwa sababu nilimwogopa kumgusa karibu na jicho. Wakati huo filamu haikuambii kitu mpaka uisafishe. Picha ilipotoka, pua ilikuwa kali hata vinyweleo unaweza kuvihesabu, na macho yako kwenye ukungu. Mhubiri aliitazama akamgeukia Mzee Odera. "Mzee, huyu kijana wako amenipiga nikinusa dhambi."

"Ulikuwa unanusa ya nani?" Mzee Odera akamuuliza.

Akampiga tena bure. Mimi nikafagia unga wa kinu wiki nzima kama adhabu, na unga wa Kawangware, wanangu, hauishi. Nadhani bado kuna kilo mbili kwenye mapafu yangu.

Ni kwa uzi huo nilimpiga Mama Mwende mara ya kwanza. Wakati huo hakuwa Mama Mwende, alikuwa msichana tu aliyetoka Kitui majuzi, amevaa koti la kuazima. Alitaka picha ya kumpelekea mamake ili ajue jiji halijammaliza. Alishika fundo jeusi shavuni, nikamwambia asipumue mpaka uzi urudi nyumbani, akaangua kicheko, na palepale kinu kikazimwa. Nikabonyeza. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka huo, na hapo sitii chumvi. Macho yamewaka kama taa mbili.

Miaka ikapita. Mzee Odera akarudi kwao, akaniachia uzi. Nikahamia Kibera, nikafungua studio yangu ya mabati karibu na Olympic. Mama Mwende naye alikuwa amekaa Mashimoni, humohumo Kibera, anauza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, karibu na kibanda cha maji, na mimi nilikula muthokoi yake kiasi cha kulisha jeshi dogo.

Kisha nikanunua kamera inayojilengea, pamoja na lenzi ya themanini na tano. Mwanzoni ilikuwa ndoa. Unabonyeza nusu, inanong'ona, jicho limepatikana. Na tundu la lenzi likifunguliwa wazi kabisa, ukuta wangu wa mabati na misumari yake yote unayeyuka kuwa ukungu laini, mteja anaonekana kama amepigwa ng'ambo. Siku ile nilitoa uzi wa Mzee Odera kwenye msumari. Sikuutupa. Niliufungia pazia la nyuma, lile la samawati, lililokuwa likianguka kila upepo ukipita.

Sasa nisikilizeni kuhusu watengenezaji. Kampuni yangu sitaitaja, nimeshazeeka na sitaki kukimbizana na mawakili. Walikuwa wanatoa kamera mpya kila nikipepesa macho. Kamera ya kupiga video, kamera ya kupiga gizani, kamera inayoweza kumjua paka na kumtofautisha na mbwa. Lakini lenzi ya uso iliachwa ilivyokuwa tangu nikiwa na nywele. Kioo chake kilikuwa dhahabu. Mota yake ilikuwa kinu cha posho. Na kila kamera mpya ilivyozidi kuwa na akili, lenzi ile ilizidi kuonekana mjinga, kama mzee wa kijiji aliyepelekwa benki.

Nilidanganyika mara moja, lakini kikamilifu. Niliambiwa nikinunua kamera ya mtindo mpya, lenzi mpya ya uso inafuata nyuma yake ndani ya mwezi. Nikauza ya zamani. Lenzi yangu kuukuu nikaifunga kwenye kamera mpya kwa pete ya kuunganishia, iwe ya kushikilia tu mpaka mpya ifike. Kuanzia hapo ikapoteza njia. Ukibonyeza, inaenda mbele, inarudi nyuma, inaenda tena, kama mtu aliyetoka nyumbani halafu akasahau kama alifunga mlango. Ikichoka, inatua sikioni. Kwa nini sikioni, hata C yangu ya fizikia haijui. Nina picha za maharusi wa Kibera ambao hereni zao zinaonekana mpaka jina la fundi aliyezitengeneza, na macho yao ni uji.

Mngeniambia, funga tundu la lenzi kidogo, uso wote utakaa sawa. Kweli. Lakini ukifunga tundu, misumari ya mabati inarudi yote, na mimi nilikuwa nimezoea kusifiwa kwa ule ukungu. Andikeni hilo mahali: sifa huua fundi polepole kuliko njaa.

Kila mwezi nilikwenda mjini kwenye duka la kamera. Kaunta ilikuwa na kijana mmoja, Denno, mpole sana.

"Denno, imefika?"

"Iko njiani, mzee wangu."

"Njia gani hiyo, inakuja na miguu?"

"Wamesema mwaka huu. Ona hapa." Ananionyesha kwenye simu orodha ya lenzi zinazokuja. Zingine zimepigwa picha. Yetu ni kivuli cheusi tu, hakina mwezi wala mwaka.

"Na hizi zimeshafika ni za nini?"

"Hii ni ya ndege. Hii ni ya mpira. Hii pia ni ya ndege."

"Ndege gani anahitaji lenzi mbili?"

"Hao wako mbali, mzee."

"Na sisi tuko karibu, ndio maana hawatuoni."

Denno alicheka, mimi nikacheka, nikarudi Kibera mikono mitupu. Hivyo ndivyo ilivyokwenda zaidi ya miaka miwili. Sijawahi kuona mtu wa Kibera akipeleka picha ya mwewe kanisani iwekwe juu ya jeneza. Wanapeleka uso. Na hiyo ndiyo kazi iliyokuja siku ile Mama Mwende aliposukuma mlango wangu.

Mnajua kwamba siku hizi akina mama wakishika umri huja wenyewe kupigwa picha ya kuwekwa juu ya sanduku. Hawalii, hawasemi mengi. Wanavaa kitambaa kizuri, wanakaa, wanaondoka, na picha inakaa ndani ya Biblia mpaka siku yake. Mama Mwende alikuwa amekonda. Alikaa kwenye stuli, akapanga mikono.

"Musyoka," akasema, "nimekuja ile ya mwisho."

"Wewe? Wewe utanizika mimi, na mahindi utanichemshia."

"Wacha mchezo. Usiponipiga, watatafuta ya kitambulisho, na kwa kitambulisho nimekaa kama mtu ameshikwa na askari. Ile ya zamani nayo ni ya mtoto. Nataka moja nikicheka, na hii pengo yangu ionekane." Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameshakwenda. "Watoto wa Mwende wananijua na pengo. Wanaingizanga kidole hapa."

Nikaweka gunia jeupe la unga upande wa dirisha ili lirudishe mwanga usoni. Hilo gunia ni bora kuliko vitambaa vyenu vya fedha, na halina bei. Nikapima mwanga shavuni; msipime kwenye shati, shati jeupe litawageuza watu wetu kuwa makaa. Kila kitu kilikuwa sawa. Kisha nikamwona amekunja vidole viwili na kuviweka shavuni, chini kidogo ya jicho. Anangoja.

"Hapo unashika nini, Mama?"

"Si ile uzi? Iko wapi?"

Nikacheka. Kweli nilicheka, vijana. "Mama, uzi ulistaafu. Siku hizi mashine inatafuta yenyewe."

"Haya. Wacha itafute."

Ikatafuta. Mbele, nyuma, mbele. Nikabonyeza mara kumi na moja. Yeye anacheka vizuri, pengo liko wazi, macho yamejaa mambo yote ya Kitui na Mashimoni, na kila nikitazama kioo cha nyuma ya kamera naona sikio. Sikio, sikio, kitambaa cha kichwa, sikio. Uzi wa Mzee Odera ulikuwa futi nne nyuma ya kichwa chake, umeshika pazia. Ungenichukua dakika moja kuufungua. Sikuufikiria, na hata ningeufikiria nisingeufungua, kwa sababu mtu mwenye kamera ya bei ya ng'ombe wanne haombwi kurudi kwenye uzi wa gunia.

"Zimetoka?" akauliza.

"Zimetoka, lakini hazijanipendeza. Kuna lenzi mpya iko njiani. Ikifika nitakupiga mpaka ushangae."

"Kwa hivyo hizi zinangoja hiyo lenzi."

"Tungoje kidogo, Mama."

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Kabla hajafika kwenye kona nilikuwa nimeshazifuta zote kumi na moja, kwa aibu, mtu asije akaziona akasema Musyoka amezeeka.

Alinipitia mara mbili baada ya hapo, akiwa na debe lake la maji. "Imefika?" "Bado, Mama." Mara ya pili hakusimama vizuri, aliegemea nguzo ya stima. "Hao watu wako wanaitengeneza na jembe?" akasema. Nikamwambia wanaitengeneza na kijiko. Tukacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akiwa mzima.

Wiki chache baadaye bintiye Mwende akaja studio, macho mekundu.

"Mzee Musyoka, pole na kazi. Nimekuja kuchukua picha za Mama."

"Za Mama?"

"Alisema ulimpiga mingi. Ati ziko kwa mashine, zinangoja kioo mpya izisafishe."

Hapo ndipo nilipojua alichokuwa ameelewa. Alikuwa amekufa akiamini picha zake zipo, zimekaa humo ndani ya kamera zikingoja, kama yeye alivyongoja. Nikamwambia Mwende ukweli. Hakunitukana. Alifungua mkoba akatoa picha moja ya zamani, pembe zimeliwa na mende. "Basi kuza hii," akasema. Ilikuwa ile ya Kawangware. Ya uzi.

Niliikuza mwenyewe. Ilitoka kali kama kisu kipya. Kila unyusi ulionekana, hata nyuzi za koti la kuazima. Sijawahi kuchukia kazi safi namna ile.

Na ili msiniulize: lenzi ilifika. Denno alinipigia simu karibu mwaka mmoja baadaye, furaha imemjaa. "Mzee, imefika, kuja uone." Nikaenda. Nikaifunga kwenye kamera yangu, nikamwelekezea yeye palepale kaunta. Haikunong'ona hata. Jicho la kushoto, mara moja. Nikasogea, jicho, mara moja. Kwa kuwa sisemi uongo kuhusu kazi, nawaambia ni lenzi safi sana, na kama walijua kuitengeneza hivyo, sijui ilikuwa wapi miaka yote ile. Wale waliokaa kwenye meza zao na kuamua mwaka hadi mwaka kwamba uso unaweza kungoja, sijawasamehe. Mimi mwenyewe sijajisamehe pia, maana wao hawakuwa na uzi na mimi nilikuwa nao. Nikamrudishia Denno lenzi yake. Wiki hiyohiyo nikateremsha pazia, nikauza stuli.

Lakini bado sijawaambia habari ya kanisani, siku tulipomuaga Mama Mwende.

Ibada ilikuwa Kambi Muru, asubuhi, kabla mwili haujasafiri kwenda Kitui. Mwende aliniomba nipige picha za ibada, na sikuweza kukataa. Sanduku lilikuwa mbele, na juu yake ile picha niliyoikuza, ndani ya fremu ya dhahabu: msichana wa Kitui, koti la kuazima, meno yote, anacheka. Watu waliomjua zamani wakatikisa vichwa kwa uzuri wake. Waimbaji wakaanza.

Mjukuu wake mdogo, msichana wa kama miaka mitano, alimponyoka mamake akaenda mpaka kwenye sanduku. Akaitazama picha kwa muda. Kisha akageuka, akauliza kwa sauti ile ya watoto isiyojua kanisa, "Mami, huyu ni nani?"

Mwende akajifuta macho kwa leso. Akaninyoshea kidole mimi. "Uliza yule mzee wa kamera."

Mtoto akaja. Nikapiga magoti, haya haya magoti yangu mazima. "Huyo ni shosho wako," nikamwambia.

Akarudi kuitazama, akanirudia, uso umekunjamana kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Huyo si shosho. Shosho yangu ako na pengo. Nionyeshe mwenye ako na pengo."

Nikawasha kamera, nikaanza kutafuta. Nilijua hazimo. Nilikuwa nimezifuta kwa kidole changu mwenyewe. Mtoto akaweka mkono begani kwangu, akachungulia kile kioo kidogo, na mimi nikaendelea kubonyeza, nyuma, nyuma, nyuma, mpaka wimbo ukaisha.